Utambuzi na Udhibiti wa Kichaka Vamizi cha Lantana (Lantana camara L.) katika Misitu ya Usambara Mashariki, Tanzania

Ikisiri

Lantana (Lantana camara L.) ni kichaka chenye asili ya Amerika ya kitropiki ambacho kimeenea katika kingo na mianya ya misitu mingi ya Afrika Mashariki. Makala haya yanafafanua namna ya kukitambua kichaka hicho na kukitofautisha na mimea inayofanana nacho. Yanaeleza pia kwa nini ukataji wa kawaida hukifanya kistawi zaidi, kisha yanatathmini mbinu za kukidhibiti katika misitu ya Usambara Mashariki. Hoja kuu ni kwamba lantana ni mmea wa mwanga. Kuingia kwake msituni ni matokeo ya kufunguka kwa kivuli, na kwa hiyo udhibiti usioambatana na urejeshaji wa kivuli hauwezi kudumu. Makala yanapendekeza mfuatano wa kazi unaoanza na utambuzi sahihi, unaoendelea na ung'oaji wa mzizi chini ya udongo na ufuatiliaji wa miche, na unaokamilishwa na upandaji wa miti ya asili.

1.0 Utangulizi

Milima ya Usambara Mashariki, iliyoko mkoani Tanga, ni sehemu ya mlolongo wa Milima ya Tao la Mashariki. Misitu yake ina idadi kubwa ya spishi ambazo hazipatikani kwingine duniani. Aidha, misitu hiyo ni chanzo cha Mto Zigi, ambao ndio tegemeo la maji la Jiji la Tanga. Kwa sababu hizo, sehemu muhimu ya misitu hiyo ilitangazwa mwaka 1997 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Eneo la Amani lina historia ya pekee kuhusu mimea ya kigeni. Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na biolojia pamoja na bustani kubwa ya mimea. Mamia ya spishi kutoka mabara mbalimbali yalipandwa ili kupima kufaa kwake. Nyingi zilikufa au zilibaki mahali zilipopandwa, lakini chache zilivuka mipaka ya mashamba ya majaribio na kuingia msituni. Kati ya mimea ambayo leo huhesabiwa kuwa vamizi katika misitu hiyo umo mti wa Maesopsis eminii na vichaka viwili vyenye asili ya Amerika, yaani Clidemia hirta na Lantana camara.

Makala haya yanahusu zaidi lantana. Tatizo linaloshughulikiwa si uhaba wa juhudi. Katika maeneo mengi ya kingo za msitu, kichaka hiki hukatwa kwa panga mara kwa mara, lakini baada ya msimu mmoja wa mvua huwa kimerudi kikiwa na matawi mengi kuliko awali. Nguvu kazi ya wanavijiji na fedha za hifadhi hutumika bila matokeo ya kudumu. Kwa hiyo, swali la msingi ni hili: ni kipi katika maumbile ya mmea huu kinachoshinda panga, na ni hatua zipi zinazoweza kuushinda?

2.0 Asili na Uenezi wa Lantana

Lantana ni ya familia ya Verbenaceae. Carl Linnaeus aliipa jina la kisayansi mwaka 1753. Kabla ya hapo, katika karne ya 17, mmea huu ulikuwa umekwisha kupelekwa Ulaya kutoka Amerika na kupandwa bustanini kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Wapanda bustani wa Ulaya waliyachanganya maumbo mbalimbali ya mmea huo na kupata aina nyingi za mahuluti. Mahuluti hao ndio waliosafirishwa kwenda makoloni ya Asia, Afrika na Australia katika karne ya 19.

Historia hiyo ina matokeo mawili ya kisayansi. Kwanza, lantana iliyoko Afrika Mashariki si nakala ya mmea mmoja wa porini, bali ni mkusanyiko wa aina zilizochanganywa, zinazotofautiana kwa rangi ya maua, wingi wa miiba na kiwango cha sumu. Pili, kwa kuwa aina hizo hazikuumbika pamoja na wadudu wa Amerika katika mazingira ya porini, wadudu wanaoletwa kuzidhibiti hushambulia baadhi na kuziacha nyingine. Jambo hili litarejelewa katika sehemu ya 5.4.

Kwa sasa lantana imeenea katika nchi nyingi za tropiki na maeneo yanayopakana nazo. Imo pia katika orodha ya spishi 100 vamizi zilizo mbaya zaidi duniani iliyotolewa chini ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN).

3.0 Utambuzi

3.1 Sifa Bainifu

Lantana ni kichaka chenye kimo cha kawaida cha mita 2 hadi 4. Hata hivyo, kikipata mti wa kuegemea, matawi yake huparamia na kufika juu zaidi. Sifa zifuatazo, zikichunguzwa kwa pamoja, hutosha kukitambua:

(a) Shina changa lina pembe nne. Likipitishwa kati ya vidole, pande zake nne huhisika wazi. Aina nyingi zina miiba mifupi iliyopinda kuelekea chini.

(b) Majani hukaa mawili mawili yakielekeana. Yana umbo la yai lenye ncha, ukingo wenye meno madogo, na uso wa juu unaokwaruza kama msasa.

(c) Jani likifikichwa hutoa harufu kali isiyosahaulika kwa urahisi.

(d) Maua ni madogo, nayo hukusanyika katika shada lenye umbo la mwavuli mdogo. Katika aina nyingi, shada moja huwa na rangi zaidi ya moja: maua ya katikati, ambayo ndiyo machanga, huwa ya manjano, ilhali yale ya pembeni yaliyokwisha kukomaa huwa ya rangi ya chungwa, waridi au nyekundu.

(e) Matunda hukaa katika vishada. Huanza yakiwa ya kijani, na yakiiva huwa meusi yenye mng'ao wa zambarau. Kila tunda lina kokwa ngumu ndani.

Katika kipindi ambacho mmea hauna maua wala majani ya kutosha, sifa za (a) ndizo za kutegemewa. Kwa miche, sifa za (b) na (c) hutosha, kwa kuwa harufu hupatikana hata katika mche wenye majani machache.

3.2 Mimea Inayoweza Kuchanganywa na Lantana

Utambuzi usio makini una gharama. Mfanyakazi anayeagizwa kuondoa "vichaka vyenye harufu" anaweza kung'oa mimea ya asili ambayo jamii huitumia kwa dawa, na ambayo haina tabia ya kuvamia. Mimea mitatu inahitaji uangalifu.

Wa kwanza ni Lantana viburnoides, ambayo ni ya asili ya Afrika. Huzaa maua meupe, haina miiba, na haifungi vichaka vizito. Wa pili ni Lantana trifolia, ambayo hupatikana sana katika Afrika Mashariki. Majani yake mara nyingi hukaa matatu matatu katika kila kifundo, maua yake ni ya waridi au zambarau isiyobadilika kuwa ya manjano au nyekundu, na matunda yake ya zambarau hupangika katika kishada kirefu. Wa tatu ni kundi la mimea ya jenasi Lippia, hasa Lippia javanica. Nayo ina majani yenye harufu, lakini haina miiba, na maua yake meupe ni madogo mno.

Mmea wa nne haufanani sana na lantana, ila huishi katika msitu uleule na mara nyingi hutajwa pamoja nayo. Huo ni Clidemia hirta. Majani yake nayo huelekeana, lakini huwa na mishipa mikubwa kadhaa inayotoka karibu na kitako na kufuata urefu wa jani hadi nchani. Shina lake lina vinyweleo vigumu, maua yake ni meupe, na matunda yake ni ya buluu iliyokolea. Tofauti muhimu zaidi ni ya kiikolojia: Clidemia huvumilia kivuli cha msitu kuliko lantana. Kwa hiyo mpango wa udhibiti unaofaa kwa mmoja hauwezi kuhamishiwa kwa mwingine bila kupimwa upya.

Majina ya kienyeji, ingawa ni hazina ya maarifa, mara nyingine hujumuisha mimea miwili au mitatu chini ya jina moja. Ndiyo maana maelekezo ya kazi yanapaswa kuambatana na sampuli halisi ya tawi lenye maua na matunda.

4.0 Sababu za Kufanikiwa kwa Lantana Msituni

4.1 Mwanga

Chini ya mwavuli wa msitu uliokamilika, yaani mahali ambapo taji za miti mikubwa hukutana na kuzuia jua, lantana hupatikana kwa nadra. Miche yake ikiota hapo hudhoofika. Hali hubadilika mti unapoanguka au kukatwa, barabara inapofunguliwa, au ukingo wa shamba unaposogezwa ndani. Mwanga hufika ardhini, na lantana hukua haraka kuliko miche mingi ya miti ya asili. Utafiti wa Gentle na Duggin (1997) uliofanyika Australia, katika maeneo ambapo msitu wa mvua hukutana na msitu wa wazi, ulionesha kwamba usumbufu unaotokana na moto na malisho ya ng'ombe hurahisisha uvamizi wa lantana. Misitu ya Usambara Mashariki ilipitia ukataji wa magogo kwa mashine katika karne ya 20, mbali na upanuzi wa mashamba ya chai na ya chakula. Hivyo basi, mianya ilikwisha kuandaliwa kabla lantana haijaijaza.

4.2 Uzazi na Uchipuaji

Lantana huzaa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mbegu. Mmea mmoja huweza kutoa maelfu ya matunda kwa mwaka. Ndege walao matunda, kama vile shore, huyala na kuzidondosha mbegu mbali na mmea mama, hasa chini ya miti wanamotua. Hii ndiyo sababu miche mingi huonekana chini ya miti iliyosimama pekee katika eneo lililofyekwa. Mbegu zilizofunikwa na udongo huweza kubaki hai kwa miaka kadhaa zikisubiri mwanga.

Njia ya pili ni uchipuaji. Mahali shina linapokutana na mzizi, karibu na uso wa ardhi, pana sehemu yenye vichipukizi vingi vilivyolala. Shina likikatwa juu ya sehemu hiyo, vichipukizi huamka vyote kwa pamoja, na badala ya shina moja hutokea mengi. Matawi yanayogusa udongo wenye unyevu nayo huota mizizi. Hapa ndipo panapopatikana jibu la swali lililoulizwa katika utangulizi: panga huondoa kile kinachoonekana na huchochea kile kisichoonekana.

4.3 Athari kwa Msitu na kwa Watu

Kichaka cha lantana kikishafunga, kivuli chake kizito pamoja na kemikali zinazotoka katika majani na mizizi yake huzuia miche ya mimea mingine. Mwanya ambao ungezibwa na miti hubaki kuwa kichaka kwa muda mrefu. Katika kingo kavu zaidi zilizo chini ya milima, matawi makavu ya lantana hulisha moto na kuusogeza karibu na miti. Baada ya moto huo, lantana huchipua tena.

Kwa wafugaji, hatari iko katika sumu iitwayo lantadini. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wanaokula majani ya aina zenye sumu nyingi hudhurika ini, hukosa hamu ya kula, na ngozi yao, hasa sehemu zisizo na rangi nyeusi, huungua kwa mwanga wa jua. Mifugo iliyozoea eneo huuepuka mmea huu. Inayodhurika zaidi ni ile iliyoletwa kutoka mbali au inayokosa malisho wakati wa kiangazi. Aidha, nchini Uganda vichaka vya lantana vimewahi kubainika kuwa mazalia ya mbung'o.

Kwa upande mwingine, lantana ina matumizi. Hupandwa kuwa ua wa boma, huchanjwa kuni, na majani yake hutumiwa katika tiba za asili. Mpango wa udhibiti unaopuuza matumizi haya hukosa ushirikiano wa wale ambao ndio wenye mapanga na majembe.

5.0 Mbinu za Udhibiti

5.1 Ufyekaji na Uchomaji

Kama ilivyoelezwa, ufyekaji peke yake huongeza mashina. Una nafasi moja tu yenye manufaa: kufungua njia ya kufikia mashina makuu ili hatua inayofuata ifanyike. Uchomaji haufai katika msitu wa mvua, kwa sababu huua miche ya asili na kufungua mwanga zaidi.

5.2 Ukataji wa Mzizi Chini ya Udongo

Mbinu iliyoelezwa na Babu na wenzake (2009) katika Hifadhi ya Chui Milia ya Corbett nchini India inastahili kuzingatiwa. Mfanyakazi huchimba kidogo pembeni mwa shina na kukata mzizi mkuu chini ya sehemu ya uchipuaji. Kisha kichaka chote huinuliwa na kugeuzwa, mizizi ikiwa juu, ili matawi yasiote tena mizizi ardhini. Vifaa vinavyohitajika ni jembe au sululu, shoka na glavu ngumu. Mbinu hii haichimbui udongo mwingi, jambo ambalo lina umuhimu katika miteremko mikali ya Usambara, ambako udongo uliolegezwa huchukuliwa na maji hadi mitoni.

Kazi hii hufaa kufanyika kabla matunda hayajaiva na katika kipindi chenye mvua chache, ili mimea iliyogeuzwa ikauke. Huko Amani mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kiangazi hakikauki sana. Kwa hiyo mimea iliyong'olewa inapaswa kukaguliwa baada ya majuma machache.

5.3 Viuagugu

Kupaka kiuagugu kama glaifoseti kwenye kisiki mara baada ya kukata huweza kuua mzizi. Hata hivyo, matumizi yake katika hifadhi yenye vyanzo vya maji ya kunywa yanahitaji tahadhari kubwa. Kunyunyizia majani hakufai, kwa kuwa dawa hufikia mimea ya asili iliyo jirani. Iwapo kiuagugu kitatumika, basi kiwe kwa brashi, kwenye visiki ambavyo haviwezi kuchimbwa kwa sababu ya mawe, na mbali na vijito.

5.4 Udhibiti wa Kibiolojia

Lantana ni miongoni mwa mimea ya kwanza duniani kudhibitiwa kwa wadudu walioletwa makusudi. Jaribio la Hawaii lilianza mwaka 1902 kwa kutumia wadudu waliokusanywa Meksiko na Albert Koebele. Tangu wakati huo, makumi ya spishi za wadudu zimeachiliwa katika nchi mbalimbali. Mafanikio yamekuwa ya kiasi. Wadudu hupunguza majani na mbegu katika baadhi ya maeneo, lakini mmea hupona mvua zinaporudi, na aina nyingine za lantana hazishambuliwi kabisa.

Afrika Mashariki ina funzo lake. Mdudu Teleonemia scrupulosa, aliyeletwa kushambulia lantana, alibainika nchini Uganda katika miaka ya 1960 akila ufuta. Tukio hilo linaonesha kwamba kipimo cha usalama wa mdudu lazima kihusishe mazao ya mahali anapopelekwa, na si mimea ya familia ya Verbenaceae peke yake.

5.5 Urejeshaji wa Kivuli

Hatua hii ndiyo inayotofautisha ufyekaji wa msimu na udhibiti wa kudumu. Mara lantana inapoondolewa, mwanga hufika ardhini na mbegu zilizolala huota. Miche hiyo ikingali midogo hung'olewa kwa mkono bila taabu. Ikiachwa miaka miwili, kazi huanza upya. Ufuatiliaji unapaswa kuendelea mpaka miti iliyopandwa ifunge kivuli.

Miti ya kupanda inahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu. Ya kutangulia iwe ya asili na yenye kukua haraka katika mwanga, kama vile Macaranga capensis, Polyscias fulva, Albizia gummifera na Bridelia micrantha. Chini ya kivuli chake hufuata miti ya msitu mkomavu, kama vile Cephalosphaera usambarensis na msambu (Allanblackia stuhlmannii). Msambu una faida ya ziada, kwa kuwa mbegu zake hukusanywa na wanavijiji na kuuzwa kwa ajili ya mafuta. Maesopsis eminii isitumike ingawa hufunga kivuli upesi, kwani kufanya hivyo ni kubadilisha mvamizi mmoja kwa mwingine.

6.0 Mjadala

Bhagwat na wenzake (2012), baada ya kupitia historia ya karne mbili za mapambano dhidi ya lantana nchini Australia, India na Afrika Kusini, walionesha kwamba juhudi za kuitokomeza zimeshindwa kila mahali, na wakapendekeza usimamizi unaojirekebisha kulingana na hali. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inaweza kusomwa vibaya. Kushindwa kuitokomeza lantana katika nchi nzima hakumaanishi kwamba haiwezi kuondolewa katika mwanya mmoja wa msitu na kuzuiwa kurudi. Tofauti iko katika ukubwa wa eneo na uwepo wa kivuli. Katika nyika au malisho ya wazi, hakuna mwavuli wa kurejesha. Katika msitu wa mvua wa Usambara, mwavuli upo pande zote za mwanya, na kinachohitajika ni kuusaidia ukutane.

Kutokana na hoja hiyo, vipaumbele vinaweza kupangwa hivi. Kwanza, mimea michache iliyojitenga ndani ya msitu na kando ya njia mpya iondolewe kabla ya kuzaa, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na faida yake ni kubwa. Pili, mianya iliyozungukwa na msitu mzima ishughulikiwe kwa ung'oaji na upandaji. Tatu, vichaka vizito vya ukingoni viachwe viwe vya mwisho, na wanavijiji waruhusiwe kwa utaratibu maalumu kuvivuna kwa kuni, mradi mzizi ukatwe. Kuanza na ukingo, kama inavyofanyika mara nyingi kwa sababu ndiko kunakoonekana, ni kutumia nguvu nyingi mahali ambapo mwanga hautapungua.

Kisheria, Tanzania ina msingi wa kutekeleza mpango kama huu. Mkataba wa Bayoanuwai, katika kifungu cha 8(h), unazitaka nchi wanachama kuzuia, kudhibiti au kutokomeza spishi ngeni zinazotishia mifumo ikolojia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inatambua usimamizi shirikishi. Kinachokosekana mara nyingi ni mwendelezo: bajeti ya mwaka mmoja hugharimia ung'oaji, ilhali ufuatiliaji wa miche, ambao ni wa bei nafuu zaidi, huachwa bila fungu.

7.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba lantana hutambulika kwa shina la pembe nne, majani yanayokwaruza yenye harufu kali, na shada la maua lenye rangi zaidi ya moja, na kwamba sifa hizo zinatosha kuitofautisha na jamaa zake wasio vamizi. Imeelezwa pia kwamba nguvu yake iko katika sehemu ya uchipuaji iliyo chini kidogo ya uso wa ardhi, katika mbegu zinazobebwa na ndege, na zaidi ya yote katika mwanga unaopatikana msitu unapovurugwa. Kwa hiyo mafanikio ya udhibiti katika Usambara Mashariki hayapaswi kupimwa kwa hekta zilizofyekwa. Kipimo sahihi ni mianya iliyofunga kivuli na kubaki bila lantana baada ya mvua za misimu kadhaa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu kasi ambayo miti ya asili iliyotajwa hufunga kivuli katika miinuko tofauti ya milima hiyo, kwa kuwa kasi hiyo ndiyo itakayoamua ni kwa muda gani wanavijiji na hifadhi wanapaswa kuendelea kung'oa miche kabla ya kuuachia msitu kazi iliyobaki.